Je, Mtakuja na Mifugo?

Likizo iliyopita nilipelekwa Mikumi kwa shangazi, dada yake baba. Nyumbani Kilosa walisema naenda kumsaidia kazi. Mimi naona nilipelekwa ili masikio ya mama yapumzike. Nasoma kidato cha tatu, na kwenye ripoti yangu mwalimu wa darasa aliandika kwamba nina akili ila nazitumia vibaya. Niliichukua kama sifa. Wapo walioandikiwa ubaya mtupu.

Shangazi ana ukumbi. Zamani lilikuwa ghala la mpunga. Akalipaka rangi ya krimu, akatundika feni, akatandika vigae vyeupe ambavyo ukivikanyaga na kandambili za matope unasikia anaguna akiwa jikoni, na juu ya jukwaa akaweka viti viwili vya dhahabu vya maharusi. Dhahabu yenyewe ni ya kupuliza na kopo. Uani kuna bustani ambayo kila asubuhi anaiuliza imeamkaje kabla hajaniuliza mimi.

Wateja walikuwa wanaukodi ukumbi kwa simu, halafu shangazi akashawishika na mambo ya mtandao. Nikamtengenezea ukurasa: mtu anabonyeza linki, anachagua siku, anatuma, mchezo umekwisha. Wiki ya kwanza tulishangilia. Wiki ya pili wakaja watu walioandika "kikao kidogo cha familia", wakashusha spika zenye ukubwa wa kabati. Familia yenyewe ilikuwa nusu ya vijana wa mashamba ya miwa ya Kidodi. Wiki iliyofuata ikaja kamati ya harusi na mbuzi hai, zawadi ya bwana harusi, wakamfunga kwenye tao la maua ya plastiki pale mlangoni. Mbuzi alisikia ngoma, akashtuka, akaondoka nalo. Alizunguka bustani yote akiburuta maua nyuma kama bibi harusi aliyeghairi.

Jioni hiyo shangazi alikaa kwenye ngazi na kipande cha waridi la plastiki mkononi.

"Nataka mchujo," akasema.

"Mchujo wa nini?"

"Wa watu. Mtu asifike kwenye tarehe kabla hajajibu maswali. Akijibu ovyo, mashine imwambie hapana. Mimi sitaki kumwambia mtu hapana, mimi ni Mkristo."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuwa malaika wa mlangoni. Shangazi alitamka maswali, mimi nikaandika. Mwenyekiti wa kamati ni nani, na anapokea simu? Wageni ni wangapi, mkihesabu na wale ambao hamjawaalika? Muziki utazimwa saa ngapi? Swali la mwisho alilisema kwa sauti ya mahakama: Je, mtakuja na mifugo? Ukijibu ndiyo, papo hapo inatokea: Samahani, maombi yako hayajapita.

Na mimi nikaongeza yangu. Bwana harusi anajua kuwa kuna harusi? MC wenu anarudia vichekesho vya mwaka juzi? Nyumbani kwenu kuna shangazi mwenye mdomo? Hili la mwisho liliishi hadi alipolisoma.

"Hili nani kaliweka?"

"Mashine, shangazi. Siku hizi zinajifunza zenyewe."

"Basi iambie ijifunze kuosha masufuria."

Nikayaosha. Lakini nikiwa nayaosha nikagundua jambo ambalo sikumwambia mtu, kwa kuwa lilikuwa linanichekesha peke yangu: mchujo wangu ulikuwa unawanasa wakweli tu. Waliosema wageni wachache walipita, wakaja na kijiji. Walioapa kuzima muziki mapema walipita, tukalala na mito masikioni. Kila mwongo wa wilaya ya Kilosa alipita akiwa amenyanyua kidevu. Aliyekwama alikuwa mmoja.

Huyo aliomba ukumbi kwa ajili ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi. Majibu yake yote yalikuwa mazuri hadi kwenye mifugo. Hapo aliandika: "Ndiyo. Mtamba mmoja." Mtamba ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Mashine ikamtoa.

Kesho yake akarudi. Mtu mwingine yeyote angeweka hapana akapita zake. Yeye aliweka ndiyo tena, akaongeza maelezo: "Mtamba mmoja. Mpole." Mashine haijui upole ni nini, ikamtoa.

Akarudi: "Mtamba mmoja. Mpole. Pembe zake ni fupi." Akatolewa. Akarudi: "Ni mweupe, ana madoa meusi shingoni. Amezoea watu na kelele. Ataingia ndani kwa muda mfupi tu." Akatolewa.

Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka nacheka hadi mbavu zinauma. Nikamsomea shangazi kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakucheka sana.

"Ataingia ndani? Kwenye vigae?"

"Kwa muda mfupi tu, shangazi. Na amezoea watu."

"Unaona sasa? Mchujo unafanya kazi."

Niliendelea kusubiri sura inayofuata ya maisha ya yule mtamba. Nilishaanza kumpenda. Lakini ujumbe haukuja tena. Alikuja mwenyewe mwenye ng'ombe.

Ilikuwa asubuhi, nadeki. Bodaboda ikasimama getini, akashuka mzee mrefu mwenye koti la suti, kofia ya pama na fimbo, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara ya Kidodi. Nyuma yake akashuka dada mmoja amekumbatia mkoba, anamwangalia baba yake kama mtu anayeogopa kitakachosemwa.

"Shikamoo, babu. Shikamoo, dada."

"Marahaba, mjukuu. Namtafuta mtu wa kwenye mtandao anayekataa ng'ombe wangu."

Nilishika fagio kwa nguvu kidogo. "Nikamwite shangazi," nikasema. Ushujaa una siku zake.

Shangazi alitoka anafuta mikono kwenye khanga. Walisalimiana vizuri, mzee akapewa kiti cha plastiki chini ya kibaraza, na dada akakaa pembeni yake. Yeye ndiye aliyekuwa anajaza yale maswali. Ni muuguzi, ameanza kazi juzi juzi tu, na mchumba wake ni wa Kilosa.

"Nilimwambia baba tuweke hapana," alisema taratibu. "Tungepita siku ya kwanza."

"Halafu tufike na ng'ombe?" mzee akauliza. "Tuanze ukwe kwa uongo?"

Dada akashusha macho. Ilionekana hawakuanza leo kubishania hilo.

Mzee akaeleza. Hakuwa na haraka, alikuwa kama mtu anayepeleka ng'ombe mtoni. Binti huyu alipofaulu kwenda sekondari, yeye aliuza ng'ombe. Alipofika chuo, akauza tena. Ndugu zake wakaja nyumbani, huko bondeni nyuma ya Kidodi, wakamkalisha kikao. Wakamwambia, mtoto wa kike anasomeshwa kwa ng'ombe? Umewatupa ng'ombe mtoni. Kwenye kila msiba na kila harusi ya ukoo walimtania hivyo, na haukuwa utani.

"Mshahara wake wa kwanza," mzee akasema, "binti yangu alininunulia mtamba. Nikampa jina, sikulitaja kwa mtu. Sasa anaondoka. Nataka nimkabidhi mtamba huyo mbele ya ndugu zangu wote, waliokaa kwenye viti vyenye vitambaa, wakiwa wamenyamaza. Waone kwamba ng'ombe walirudi. Basi. Baada ya hapo wale pilau."

Mimi nilikuwa nimeacha kudeki.

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimekuelewa. Lakini vigae vile, fundi bado ananilaumu kwa jinsi nilivyomsumbua. Ng'ombe ana kwato. Ng'ombe ana... mambo yake."

"Ana mambo yake," mzee akakubali.

"Nikikuruhusu wewe, Jumamosi ijayo mtu atakuja na ngamia."

Nikaona uso wa dada muuguzi unainama. Aliangalia jukwaa kupitia mlangoni, vile viti vya dhahabu, halafu akafunga zipu ya mkoba wake ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Mzee akasimama, akachukua fimbo yake. Nilidhani anaondoka. Shangazi naye, kwa adabu ya kumsindikiza, akauliza, "Kwani nyie ni watu wa wapi hasa, mzee?"

"Sisi Wasukuma. Tulihamia huku na ng'ombe. Na wewe, mama?"

"Mimi Msagara. Wa hapa hapa."

Kisha mzee akavua kofia, uso mzima ukabadilika, kama mtu aliyekuta hela kwenye suruali ya zamani.

"Msagara," akasema. "Na umeniacha niongee kwa heshima muda wote huu."

Kwa asiyejua: Wasukuma na sisi Wasagara ni watani. Si wa kuchekeshana tu. Ni jambo la tangu enzi za misafara ya mababu zao iliyopita kwetu kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana msibani ukashukuru. Anaweza kuchukua kitu chako, na hukinyang'anyi, unakikomboa. Mimi nilikuwa naijua habari hii kwa hadithi za bibi. Sikuwahi kuiona inatembea na viatu.

Mzee aliingia ukumbini, akavua viatu vyake mlangoni vizuri, akavipanga, akavuka vigae kwa soksi, akapanda jukwaani, akakaa kwenye kiti cha bibi harusi.

"Kiti hiki nimekiteka," akasema.

"We mzee," shangazi akasema, na mkono ukaenda kiunoni, "shuka. Hicho ni kiti cha wanawali."

"Nyie babu zenu walituuzia maji ya kunywa tukiwa na mizigo kichwani. Maji, mtani. Ya mto. Leo nimekuja kudai chenji."

"Na babu zenu waliyanywa, wakaomba na kitoweo. Hata kuona haya hawakuona."

"Kitoweo chenyewe kilikuwa panya."

"Mkala."

"Tukala, tukaomba tena," mzee akasema. "Kwa hiyo usiseme hatuna adabu."

Dada muuguzi alikuwa ameziba mdomo kwa mkoba. Mimi nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye mchekeshaji wa familia. Nilikuwa nimekaa chini, kama mtoto wa darasa la kwanza, nasikiliza mabingwa.

Mzee akasema atashuka pale mtamba wake atakapopata njia. Shangazi akasema atakaa hapo hadi ageuke pambo. Mzee akasema vizuri, lakini kabla hajageuka pambo na yeye ana mchujo wake, kwa kuwa amechujwa kwa wiki nzima na mashine isiyo na mama. Akauliza: vyooni maji yapo, au kuna ndoo na matumaini? Yapo. Umeme ukikatika? Kuna jenereta. Linawaka? Shangazi akaniangalia. Mimi nikaangalia feni.

"Linawaka ukilibembeleza," nikasema.

"Samahani," mzee akasema kutoka juu ya kiti, "maombi yako hayajapita."

Shangazi akacheka. Alijaribu kuzuia, lakini cheko lilipita puani. Mtu akishacheka mbele ya mtani wake ameshashindwa. Hilo kila mtu analijua.

Ila vigae vilibaki vigae. Hapo ndipo nilipoleta wazo langu, na nitakiri kwamba nililileta kwa mbwembwe. Ukumbi una projekta ya kuonyeshea picha za maharusi ukutani. Mtamba asimame getini, mimi nimpige video kwa simu, aonekane ndani moja kwa moja, mkubwa kama lori. Ndugu wote watamwona. Vigae vitapona.

Shangazi akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu aliyelipiwa ada kihalali.

Mzee alifikiri sana. "Ng'ombe wa ukutani hakamuliwi," akasema. Halafu akamwangalia binti yake, na binti akatikisa kichwa kukubali, haraka mno, kama mtu anayechukua alichopewa kabla hakijarudishwa. Mzee akashuka kwenye kiti. "Haya. Tutaona."

Sendofu tuliifanya mchana, sababu wageni wengine walitoka mbali. Shangazi alifunga mapazia ili ukuta uonekane. Mimi nilisimama getini, kamba ya mtamba mkono mmoja na simu mkono mwingine, nimevaa gauni la sare ya kamati ambalo lilikuwa linanibana kwapani. Mtamba alikuwa kama alivyoelezwa: mweupe, madoa shingoni, pembe fupi. Nilihisi namjua. Nikamwambia, "Mambo?" Akanipumulia.

Nilikuwa naisikia sauti ya MC kutoka ndani. Akatangaza kwamba baba wa binti ana zawadi, wageni waangalie ukutani. Nikainua simu. Likapita lori la miwa, likapiga honi, mtamba hata hakutikisa sikio. Kweli alikuwa amezoea kelele. Badala yake akavutiwa na simu. Akailamba. Ndani ukasikika mlipuko wa vicheko, maana bila shaka ukuta mzima ulikuwa ulimi. Nikajisemea, hapa nimeua. Nikafuta kioo na gauni la kamati, nikaendelea.

Lakini vicheko vilikaa sana. Na mtu mmoja, mwanamume, alisema jambo kwa Kisukuma, wengine wakacheka tena kwa namna nyingine, ile ya kushuka. Sikujua Kisukuma, ila nilijua kicheko hicho. Nimeshawahi kuchekwa hivyo ubaoni. Nikaacha kutabasamu. Nilifikiria mzee yuko wapi humo ndani, amesimama au amekaa, na mikono yake ameiweka wapi. Alitaka wanyamaze. Mimi nilikuwa nimempa katuni.

Sijui ningefanya nini. Sikupata muda wa kujua, kwa sababu mlango wa ukumbi ulifunguka.

Dada muuguzi alitoka. Amevaa gauni la kijani linalong'aa, viatu ameshika mkononi, anatembea peku kwenye changarawe ya bustani ya shangazi. Hakumsubiri MC. Hakuambiwa ainuke. Bibi harusi mtarajiwa hainuki hivi hivi, ana wapambe, ana wimbo wake. Nyuma yake mpambe akamkimbilia na pindo la gauni. Nyuma ya mpambe akatoka baba yake. Nyuma ya baba, taratibu, mmoja mmoja halafu wote, wakatoka ndugu zake, wazee wenye makoti na fimbo, wanakunja macho kwenye jua, na watu wa upande wa Kilosa ambao hawakuelewa wanakwenda wapi ila hawakutaka kupitwa.

Alifika, akachukua kamba mkononi mwangu. "Asante," akanong'ona. "Zima simu sasa."

Nikazima.

Mzee hakutoa hotuba. Aliweka mkono juu ya mgongo wa mtamba, akasema, "Huyu ni wake, na alitoka kwake." Wale wazee wakasogea. Mmoja, mnene, akapapasa nundu, akaangalia meno, akamzunguka mzima kama mnunuzi mnadani. Watu wote kimya. Hata MC, ambaye kwa mujibu wa fomu yake harudii vichekesho, hakupata cha kusema.

"Ni mtamba kweli," yule mnene akasema mwishowe. Halafu akamgeukia binti, akavua kofia. Ni hicho tu. Lakini niliona mabega ya mzee wangu yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu enzi za misafara.

Vigelegele vilipoanza ndipo nilipomwona shangazi. Alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni, nyuma yake ukumbi mzima uko gizani, viti vyote na vitambaa vyake, na feni zinapulizia hewa watu wasiokuwepo.

"Mtani," mzee akamwita, "ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi usinilaumu. Ng'ombe wangu hakuingia ukumbini. Ukumbi ndio uliotoka."

Shangazi alifungua mdomo amjibu. Hapo hapo akaona nilichokuwa nimekiona mapema nikanyamaza: mtamba mpole, aliyezoea watu, alikuwa ametia mdomoni waridi la plastiki kutoka kwenye lile tao, ambalo tulilihamishia getini ili liwe salama. Analitafuna bila haraka. Shangazi alimwangalia. Akaniangalia mimi. Akamwangalia binti aliyeshika kamba kwa mikono miwili, peku, gauni limejaa vumbi pindoni.

"Jamani, pilau linapoa," akasema, akageuka kuwaongoza watu ndani.

Nilirudi Kilosa shule ilipofunguliwa, lakini mchujo bado nausimamia kwa mbali, Jumamosi nikipata simu ya mama. Shangazi alinipigia akaniambia nisifute swali la mifugo, nilibadilishe. Sasa mtu akijibu ndiyo, mashine haimtoi. Inamuuliza: Yukoje? Eleza. Na nafasi ya kuandika nimeiacha ndefu.

Majibu yanakwenda moja kwa moja kwenye simu yake, anayasoma asubuhi na chai, baada ya kuyauliza maua yameamkaje. Juzi kuna mtu wa Malolo aliandika: "Jogoo. Mkorofi sana. Atakuwa ndani ya tenga lakini sitoi ahadi."

Shangazi akampitisha.